Sahani Inayorudi Jikoni

Baba hakukataa kula. Angekataa ningejua la kufanya: ningembembeleza, ningelia, ningewapigia kaka zangu walioko Morogoro waje kumsema. Yeye alikuwa ananawa vizuri, anasema bismillahi, anamega tonge chache, ananishukuru, halafu sahani inarudi jikoni ikiwa imeliwa upande mmoja tu. Upande wa pili ulikuwa haujaguswa. Mpaka kati ya pande hizo ulinyooka kama umepimwa kwa kamba. Na kama siku hiyo tumepika kuku, firigisi ilikuwa imekaa palepale nilipoiweka.

Hayo yalianza baada ya kumzika mama. Mwanzoni nilisema ni msiba, utapita. Arobaini ikapita, mvua zikapita, mahindi ya shamba letu la Masanze yakavunwa, na sahani zikaendelea kurudi nusu. Asubuhi moja nilimkuta uani ameweka mkanda wake juu ya jiwe, anautoboa tundu jipya kwa msumari.

"Umelegea," akasema, kana kwamba kosa ni la mkanda.

Nilimpeleka hospitali. Walimpima sukari, presha, malaria, wakamchungulia mdomoni. Daktari akasema mzee mzima kabisa, mpe muda, mpe vitu anavyopenda. Nilirudi nyumbani nikiwa na hofu kubwa kuliko nilivyokwenda. Angeniambia ni ugonjwa ningepumua kidogo. Kama baba si mgonjwa, basi tatizo ni chakula, na mpishi ni mimi.

Inabidi nieleze mimi ni mtu wa namna gani, maana bila hilo mengine yote yataonekana upuuzi. Natengeneza keki, hapa Kilosa mjini, za harusi na kipaimara na watoto kutimiza mwaka. Hakuna aliyenifundisha. Nilimaliza kidato cha nne kwa matokeo ambayo sipendi kuyataja, nikakaa nyumbani, nikafundishwa na simu yenye kioo kilichopasuka. Watu wanasema keki zangu zimenyooka. Hawajui kwamba kila inayotoka mlangoni ina dada zake wawili niliowagawia watoto wa jirani kwa sababu waliinama upande, kiasi ambacho mteja asingeona hata ukimwonyesha kwa kidole. Kabla ya kumpigia mtu simu nafanya mazoezi ya "haloo". Nikishamaliza kuongea naye narudia mazungumzo yote kichwani kutafuta nilipoharibu, na lazima nipate. Sijisifu. Ni kitu kinachochosha, na hakijawahi kunisaidia.

Kwa hiyo kila sahani ya baba iliyorudi niliipokea kama karatasi ya mtihani. Nilitafuta mchuzi wa mama. Mama hakupima kitu chochote maishani mwake, chumvi aliitupa huku anaongea na mtu dirishani, na mimi sikuwahi kumwangalia mkono kwa sababu nilidhani upo tu, utakuwepo. Nilijaribu nyanya nyingi, nikajaribu chache, nikarudia na nazi, nikaacha nazi. Baba anasema, "Tamu, mama." Tangu nikiwa mdogo ananiita mama. Sahani inarudi nusu.

Firigisi ndiyo iliyonitesa kuliko vyote. Kwetu kuku akichinjwa, firigisi ni ya mwenye nyumba. Hakuna aliyeandika sheria hiyo lakini hakuna asiyeijua. Mke akipakua bila kuiweka kwenye sahani ya mume, ama amesahau adabu ama kuna ugomvi ndani. Mama hakuwahi kusahau hata siku moja, hata siku walizonuniana. Na mimi nilipochukua mwiko nilihakikisha kwamba hilo angalau silikosei. Niliichemsha kwa ndimu, nikaikaanga kwa tangawizi, nikailaza kwenye papai bichi ilainike, nikaikata kama ua. Ikarudi. Kila mara ikarudi, imepoa, imeganda mafuta kidogo pembeni.

Siku moja, nikiwa naosha sahani hizo, nikapata wazo ambalo nililiona la akili sana. Nilijiambia: baba ananilinganisha. Hata asipotaka, ulimi wake unanilinganisha na mama. Nikipika mchicha, kuna mchicha wa mama. Nikipika maharage, kuna maharage ya mama. Basi nimpeleke mahali ambapo chakula chake hakina mama. Nimpeleke akale kitu ambacho mama hakuwahi kukigusa, kukinusa, wala kukitaja jina, aanze upya kama mtoto anayeachishwa ziwa. Akila huko, hamu itamrudia, na ikishamrudia tutarudi naye polepole kwenye ugali.

Wakati huo kule Mikumi, kando ya barabara kuu, palikuwa pamefunguliwa mgahawa wa nyama za kuchoma za Kikantoni, upishi wa kusini mwa China. Picha zake zilikuwa zinazunguka kwenye simu: bata wanaong'aa rangi ya kahawia wametundikwa ndani ya kabati la kioo. Niliwapigia. Kwanza nilifanya mazoezi.

"Samahani dada, mnapika kitimoto?" Nilishasoma kwamba kwao Kantoni nguruwe ndiye mkubwa wa tanuri.

"Hapa kitimoto hakuna," akajibu mhudumu. "Mabasi yote yanasimama hapa. Tukiweka kitimoto nusu ya watu watakunywa soda tu waondoke."

"Na anayechinja?"

"Anachinja Mwislamu. Anaswali hapo msikiti wa stendi."

Kesho yake nikapiga tena kuhakikisha kwamba ni yeye yule anayechinja siku zote. Keshokutwa nikapiga kuuliza kama kuna maji ya kunawa mezani, maana baba hali kwa uma. Yule dada akanitambua sauti. "Wewe wa Kilosa? Njoo tu, dada yangu, bata hawaumi." Nikacheka naye, halafu nikakaa mchana kutwa nikiona aibu.

Nilijifunza pia vijiti vya kulia, kwa kuokota maharage kutoka bakuli moja kwenda jingine mpaka kidole gumba kikafa ganzi. Sijui kwa nini. Hakuna aliyekuwa ametuomba tutumie vijiti.

Tulikwenda na jirani yetu, kijana wa Kisukuma ambaye baba yake alihamia Masanze na ng'ombe mimi nikiwa mdogo. Sasa ana Noah ya kukodisha. Yeye na baba hawawezi kukaa pamoja bila kutaniana.

"Shikamoo mzee wangu. Naambiwa leo unakwenda kula kwa fimbo."

"Marahaba. Fimbo ni zenu wachungaji. Ila nyie watu ajabu. Mlikuja hapa na ng'ombe, leo mna magari."

"Ng'ombe wamegeuka magari, mzee. Mahindi yenu ndiyo yamebaki mahindi."

"Wasigeuke kwa nini? Walikula mahindi yangu mpaka wakaota magurudumu."

Walicheka mpaka tukapita kijiji cha Ulaya. Mimi nilikaa nyuma nikimwangalia baba shingoni, jinsi kola ya shati ilivyokuwa kubwa, nikihesabu kicheko chake kama dalili njema. Nilikuwa na matumaini siku ile. Nataka nilikiri hilo, maana sikuwa nayo tena baadaye kwa kiasi kile.

Mgahawa wenyewe ulikuwa wa kisasa: kuta za saruji isiyopakwa rangi, taa za njano zinazoning'inia chini sana, viti vyembamba ambavyo baba alivitikisa kwanza kabla ya kukalia. Nje malori ya Zambia yalikuwa yanapita. Kwenye meza hakukuwa na karatasi ya vyakula, kulikuwa na kibandiko chenye vimiraba vyeusi unachokipiga picha kwa simu.

"Chakula kiko humo?" baba akauliza.

"Orodha iko humo, baba."

"Basi kiambie kitoke."

Mwenye mgahawa, mama wa Kichina aliyevaa aproni nyeusi, alikuwa nyuma ya kioo akikata bata juu ya gogo kwa panga pana. Pa, pa, pa, mifupa na yote, halafu anavipanga vipande kwenye sahani ndefu kwa mpangilio wa bata mwenyewe, mgongo juu, kana kwamba hajawahi kukatwa. Niliangalia mikono ile kwa wivu. Ngozi ilikuwa kama kioo cha sukari. Najua kazi ya kupata rangi moja kila upande, najua mtu analipia rangi ile kwa usingizi wake. Nilitamani kwenda kumwambia hivyo.

Chakula kikaja: bata, kuku baridi mwenye tangawizi na majani ya kitunguu, wali mweupe, bakuli dogo la mchuzi mtamu wa matunda. Na beseni la maji ya kunawa, la plastiki jekundu, katikati ya vyombo vile vyote vya kijivu. Yule dada wa simu alikuwa amekumbuka. Baba akanawa, akasema bismillahi, akachukua kipande cha ngozi. Kikalia mdomoni mwake. Nilikisikia.

"Mh," akasema.

"Kitamu?"

"Kinalia kama bisi."

Kijana wetu alishakamata kichwa cha bata. "Mzee, hiki cha nani?"

"Cha anayeendesha. Kula upate akili ya kuona mashimo."

Baba akachukua kipande cha pili. Cha tatu. Nilikuwa siwezi kula, vijiti vimeshika jasho mkononi. Akachota wali. Halafu akasimamisha mkono, akaanza kuvipekua vile vipande taratibu kwa kidole, anavifunua kimoja kimoja, anaangalia chini yake.

"Firigisi iko wapi?" akauliza.

Sitaweza kueleza nilivyojisikia. Nilikuwa nimeuliza kuhusu nguruwe, mchinjaji, maji, ngazi za mlangoni, choo. Nilikuwa nimejifunza vijiti. Na nilikuwa nimemleta baba yangu, mwenye nyumba, akaletewa ndege mzima asiye na firigisi. Nilimwita mhudumu kwa sauti iliyowageuza watu wa meza nyingine.

"Inatolewa kabla ya kuchoma, dada," akasema. "Tumbo linajazwa viungo. Firigisi tunakula sisi wafanyakazi."

"Naomba iletwe. Tafadhali. Ni ya mzee."

"Acha, mama," baba akasema. "Nimeuliza tu."

Lakini yule dada alishaelewa, alikuwa mtu wa huku huku. Akaenda nyuma ya kioo, wakazungumza. Mama wa Kichina akatutazama, akainamisha kichwa kidogo kwa baba, kwa heshima, na baada ya muda ikaja firigisi moja kubwa ya bata kwenye kisahani chake peke yake, imekatwa nyembamba na kuungwa kwa pilipili. Baba akashukuru. Akaisogeza na kuiweka juu ya wali wake, upande wa kushoto. Kisha akaendelea kula upande wa kulia, na alipofika katikati akaacha, akaomba maji ya kunawa.

Tulifungiwa mabaki kwenye boksi. Njiani kurudi kijana aliimba. Baba alisinzia. Mimi nilikuwa nimekumbatia boksi la moto mapajani, na kichwani nilikuwa nimeshapata jibu: firigisi ilichelewa. Ingekuja pamoja na bata, kwa wakati wake, ikiwa imeandaliwa kama kitu chenye maana na si mabaki ya jikoni, angemaliza. Ameiuliza mwenyewe. Tangu mama afariki hakuwahi kuuliza kitu chochote kwenye sahani. Ina maana anaitaka.

Mtu kama mimi akipata jibu la namna hiyo ni hatari.

Nilitafuta kwa wiki kadhaa, na simu ikanionyesha. Katika loji moja karibu na geti la hifadhi, hapohapo Mikumi, walikuwa wameanzisha chumba cha chakula cha Kijapani cha mtindo wa siku hizi, kwa ajili ya wageni wanaochoka na bafe. Samaki wabichi, supu ya tambi, na mishikaki midogo inayochomwa kwa mkaa mbele yako. Kwenye orodha ya mishikaki hiyo kulikuwa na paja, ngozi, bawa, na, nilisoma mara nyingi nikidhani macho yananidanganya, firigisi. Mshikaki mzima wa firigisi. Watu walioko mbali kabisa, wasiotujua, walikuwa wanaichukulia firigisi kuwa chakula cha kuagizwa kwa jina lake. Nililia kidogo. Nikafanya mazoezi ya "haloo", nikapiga.

Siku hiyo kijana wetu alitushusha, akatuambia anakwenda kuangalia twiga kwenye dimbwi la maji lililo mbele ya loji. "Samaki mbichi mle nyie," akasema. "Hata paka wangu anataka achemshiwe." Tukaingia wawili, mimi na baba.

Tulikalishwa kwenye kaunta ndefu ya mbao, uso kwa uso na mpishi, kijana Mtanzania mwenye kitambaa kichwani, anayegeuza mishikaki juu ya mkaa kwa vidole vitupu. Alimwamkia baba kabla ya kitu chochote, "Shikamoo mzee," na baba akaitikia akiwa ameshika kingo za kaunta kama mtu aliyepanda mtumbwi. Ukumbi ulikuwa mtupu zaidi ya watalii wawili pembeni. Kulikuwa na ukimya wa aina ile inayokufanya usikie unavyomeza.

Supu ilikuja kwanza kwenye bakuli dogo jeusi. Baba akainywa yote. Ukaja mshikaki wa paja na kitunguu cha majani, umepakwa mchuzi mweusi mtamu. Akala nusu, akauweka.

Halafu mpishi akatandika mbele ya baba kile nilichomwagizia tangu nyumbani. Sahani nyeupe pana. Juu yake mishikaki ya firigisi imepangwa kama miale ya jua, imeng'arishwa kwa mafuta, imenyunyiziwa chumvi na kipande cha limau pembeni. Ilikuwa kazi safi. Hakuna mshikaki uliozidi mwenzake urefu.

Baba aliiangalia muda mrefu.

"Hizi zote ni firigisi?"

"Ndiyo, baba. Zako."

"Ni kuku wangapi hawa wamekufa?"

"Kula, baba."

"Wote wameliwa na nani?" Alikuwa haniulizi mimi hasa. Akagusa mmoja kwa ncha ya kidole, akaondoa kidole. "Mama, mimi firigisi siili."

Nilidhani sikusikia. Mpishi alisikia, maana aligeuka akaanza kupanga mkaa ambao haukuhitaji kupangwa.

"Huili tangu lini?"

"Tangu utoto. Ngumu, kama unatafuna ndala. Inanitia kichefuchefu."

"Baba, mama alikuwa anakuwekea kila kuku. Kila kuku! Nimekua naona."

"Alikuwa ananiwekea, ndiyo. Angeacha kuniwekea? Mama yangu alikuwa anaangalia, dada zangu wanaangalia, nyie mnaangalia. Mwanamke asiyemwekea mume firigisi ana habari gani?" Akashusha sauti, ingawa hakukuwa na anayemsikiliza zaidi ya mimi na mgongo wa mpishi. "Yeye ndiye alikuwa anaipenda. Alikuwa anaipenda kuliko nyama yoyote. Sasa mwanamke atasemaje anaitaka? Kwa hiyo ananiwekea, mimi naiacha, sahani inarudi jikoni."

"Alikuambia?"

"Hatukuwahi kuzungumza."

"Sasa ulijuaje?"

"Mwezi wa kwanza tulipooana nilisahau sigara ndani, nikapitia jikoni. Nikamkuta amesimama nyuma ya mlango anaila, amefumba macho. Hakuniona. Nikarudi zangu nje." Akatabasamu, tabasamu ambalo sikuwa nimeliona tangu mazishi, na likaondoka. "Baada ya hapo nikawa namwachia na wali kidogo. Mtu hali firigisi tupu."

Nilikuwa namtazama mkono wake juu ya kaunta. Nilikuwa nafikiria sahani zote, ule mpaka ulionyooka, upande mmoja mtupu na mwingine haujaguswa.

"Kwa hiyo miezi yote hii, unavyoacha..."

"Mkono umezoea."

"Mama hayupo, baba."

"Najua hayupo. Mimi ndiye niliyeshuka kaburini kumpokea." Hakusema kwa ukali. "Sikuachi makusudi, mama. Nafika katikati, mkono unasimama. Nikiulazimisha uendelee, chakula kinakataa kushuka. Naona kama nimekula cha mtu."

"Na kule kwa bata? Mbona uliiulizia?"

"Niliona ndege yule mtamu. Nikasema firigisi yake itakuwaje."

Nimezoea kuamini kwamba kila kitu kibovu kina mahali kilipokosewa, na mtu akirudi nyuma kwa uangalifu atapaona, atapashika, atapanyoosha. Nilirudi nyuma pale kwenye kaunta na sikuona kosa. Chakula changu hakikuwa kibaya. Hakikuwa kizuri pia. Hakikuwa kitu chochote, hakikuwa kwenye hesabu kabisa. Ningeweza kupika kama mama mpaka malaika washangae, na baba angekula nusu.

Mpishi aligeuka hatimaye. Akauliza kwa upole, "Mzee, nikufungie uende nazo?"

"Nifungie," baba akasema. "Kazi yako nzuri sana, kijana. Tatizo si wewe."

Nje, kijana wetu alikuwa anatusubiri kaegemea gari. "Mzee, twiga anakunywa maji kwa kutanua miguu kama mlevi anayetafuta funguo. Mmekulaje?"

"Tumekula vizuri," baba akamjibu. "Chukua mishikaki hii. Ng'ombe wenu hawana firigisi, hujui utamu wake."

"Firigisi? Mzee, mimi si mwenye nyumba."

"Leo wewe ni mwenye gari. Kula."

Akaila yote kabla hatujafika Ulaya, mkono mmoja kwenye usukani, akisifia kwa kila mshikaki. Baba aliangalia dirishani. Kwenye pori la kando kulikuwa na moto wa kuandaa mashamba, moshi umelala chini.

Ningependa kuandika kwamba baada ya kuzungumza mambo yalikaa sawa. Kwa muda nilidhani yatakaa. Nilijiambia, sasa najua, na anayejua anaweza kupanga. Ijumaa iliyofuata nikachinjisha jogoo, nikampakulia baba bila firigisi. Nilifanya hivyo kwa upendo na kwa mpango: ikiwa haipo, mkono hautakuwa na cha kumwachia mtu. Niliiacha sufuriani.

Baba akanawa. Akaitazama sahani. Akaufunua ugali kidogo, akaangalia chini ya paja, kama alivyofanya Mikumi.

"Ya mama yako umeipeleka wapi?" akauliza.

Nikaenda jikoni, nikaileta, nikaiweka upande wa kushoto. Akala upande wa kulia. Akaacha katikati. Akanishukuru.

Huo ndio mpango tulionao mpaka leo. Kuku akichinjwa namwekea, ananawa, anakula nusu yake, sahani inarudi. Nilijaribu kumpakulia mara mbili ya kawaida, nikiamini nusu yake itakuwa sahani nzima. Mkono wake ukasimama palepale ulipozoea kusimama. Nilijaribu sahani ndogo. Akaigawa nayo. Nimewaza kumrudisha kwa bata, nikaacha. Yule mama wa Kichina atamtafutia firigisi tena, na atamwinamishia kichwa.

Sahani ikirudi nasimama nyuma ya mlango wa jikoni na kuila ile firigisi, pamoja na wali wake. Kumwaga siwezi, na kumpa paka nilijaribu siku moja nikajisikia nimeiba. Naila ikiwa imepoa. Imeiva vizuri, chumvi iko sawa, ni laini kwa sababu ya papai. Sijawahi kupika kitu kikatoka sawasawa hivyo, na naila haraka haraka nikiwa nimesimama, huku nikisikiliza kama miguu ya baba inakuja.

Juzi mteja alifuata keki ya kipaimara cha mwanawe. Alinitazama juu mpaka chini akafurahi. "Dada umenawiri! Mashavu hayo! Mungu mkubwa, msiba umekutoka."

Nikasema asante. Nikamfungia keki yake, nikamwelekeza asiiweke juani. Kutoka uani nilisikia nyundo, pigo moja na jingine, taratibu. Baba alikuwa ameweka mkanda juu ya jiwe.